Jumapili hii nabeba matoleo na mwanamke aliyemwacha mama yangu njiani

Naomba mnifiche jina, maana wanawake wengi wa kwetu wanasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na minne, nina watoto wawili, naishi Goma. Kwetu ni Kiwanja, tulikimbia vita. Mimi si mtu wa kulialia mitandaoni, lakini keshokutwa ni Jumapili na sijui nitaingiaje kanisani.

Siku ya kukimbia tulitembea kwa miguu mimi, watoto na mama yangu mzazi. Tulipofika Rumangabo miguu yake ilikuwa imevimba, na mvua inanyesha. Lori la mizigo likasimama. Nikamsihi dereva ampandishe mama peke yake, sisi tungeendelea kutembea. Dereva alikubali, akamwambia mwenye mzigo aliyekaa mbele, "Mama, tushushe mifuko mbili, huyu muzee apate nafasi." Sikumwona uso, nilisikia sauti tu: "Maharagi yangu haishuke. Gari ingine iko nyuma." Gari jingine halikuja. Mama alifika Kibumba anatetemeka kwa baridi, akafia hapo. Tulimzika kwenye shamba la watu.

Hapa Goma tulipokelewa na jirani, mama mtu mzima, naye mkimbizi kutoka upande wetu. Nimwite Mama M. Chakula chetu cha kwanza kilitoka kwake, sufuria nzima ya maharagwe. Ndiye aliyeniingiza kwenye shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wetu. Mtoto wangu akiugua, ndiye anayekesha naye. Watoto wanamwita koko, yaani bibi, kama walivyokuwa wanamwita mama yangu, na mimi nilifurahi kusikia jina hilo tena nyumbani.

Jumamosi iliyopita shirika lilikutana, kwa sababu Jumapili hii ni zamu yetu kuhudumia Misa. Watu wakawa wanatoa ushuhuda. Mama M akasimama, akasema, "Ile siku pa Rumangabo, shoferi alitaka kushusha mifuko yangu mbili juu ya kupandisha muzee moya. Nilikatala. Mungu aliona mbele, maana ile maharagi njo tulikula na majirani hapa Goma."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, sijui kwa nini.

Kisha kiongozi akatupanga mimi na Mama M kubeba kikapu cha matoleo. Shirika letu lina desturi yake: Jumamosi jioni, wanaobeba matoleo wanapeana mikono mbele ya wote, na mwenye neno juu ya mwenzake analisema hapo hapo. Usipofanya hivyo, hubebi.

Leo asubuhi Mama M amekuja na kitenge kilichoshonwa. "Mutoto yangu, nilikushonea sawa na yangu. Batu bajue tuko mama na mutoto. Na mu kikapu tutatia maharagi." Nikamshukuru. Alipoondoka nililia hadi kichwa kikauma.

Najua mtaniambia yaliyopita si ndwele. Nimejaribu. Nikipiga magoti nimsamehe, nakumbuka hajaomba msamaha, tena anamshukuru Mungu kwa jambo lile lile. Nina hasira naye na ninampenda, vyote kwa pamoja. Nikisema yule wa Rumangabo alikuwa mama yangu, nitamvunja mzee aliyetulea, na watoto wangu watampoteza koko wa pili. Nikinyamaza, nitatoa mkono wa uongo, halafu niende kupokea Komunyo.

Na kuna kinachoniuma kuliko hayo yote. Siku ile tulipofika, nilikula maharagwe yake kwa njaa, nikayasifu, nikaomba aniongeze. Nilikuwa nakula nafasi ya mama yangu kwenye lori.

Kesho jioni atanyoosha mkono wake kwangu, akitabasamu kama kawaida yake. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini na mkono huo?