Ya Tatu ya Alexis Mukuka

Alexis Mukuka alikuwa mtu wa kupewa asichoomba. Akienda sokoni, katika mtaa wao uitwao Kenya, akaanza kusema "ma... ma...", muuzaji keshamfungia matembele, kumbe mwenzake ametumwa mafuta. Basi alipokea, akalipa, akashukuru kwa kichwa, akarudi nyumbani na majani ambayo hakuna aliyeyataka. Watu wa Kenya hawana roho mbaya, msiwaonee. Wana haraka tu. Mtu akikwama wanamsukuma, kama wanavyosukuma gari lililozimika, bila kumwuliza dereva alikuwa anakwenda wapi.

Kigugumizi alizaliwa nacho. Kazini Jekamini, kwenye tanuru za shaba, hakikumsumbua, kwa sababu kelele za mle zilifanya kila mtu aseme kwa mikono. Shida ilianzia getini. Hata mkewe Germaine, aliyepika munkoyo na kuuza kinywaji hicho cha mahindi mbele ya nyumba, alimmalizia maneno mchana kutwa. Alikuwa akimpenda sana mumewe, lakini sufuria haingoji.

Mtu mmoja tu alijua kumngoja, naye ni dada yake Mwape. Alexis akikwama, Mwape aliendelea kuchambua maharagwe yake, macho chini, hajali, mpaka neno litoke lenyewe. Watoto wake wawili, Chanda na mdogo wake Mulenga, walikua wakiona hivyo, wakadhani ndivyo watu wote wanavyozungumza na yama, yaani mjomba wao.

Miaka ile serikali ilipopiga marufuku majina ya ubatizo, naye Alexis akawa Citoyen, yaani Raia, Mukuka kazini na Alexis chumbani, ndipo alipojiandikisha kwenye masomo ya Kiingereza. Mwalimu Donat, aliyekulia Ndola, kwa wasema Kiingereza, alifundisha alasiri nyuma ya karakana ya seremala. Germaine aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

"Ulishindwa na Kiswahili, na Kifaransa, na Kibemba. Sasa unaenda kutafuta luga ya ine ya kushindwa?"

Alexis alichukua kofia yake akaenda.

Siku moja mvua ilishuka ghafla, Germaine akamkimbizia koti. Alipofika dirishani alisikia jambo la ajabu: darasa zima lilikuwa na kigugumizi. Washonaji, wachuuzi, dereva mnene wa lori la Kasomeno, wote walikuwa wakijikwaa na kutokwa jasho. Mumewe alikuwa ameketi katikati yao, ametulia, yuko kwao.

"Musisahau," alisema Donat. "Mbele ya kusema kintu, tuambie kwanza nafasi yake. First. Halafu virgule, ile koma. Virgule ni kiti: ikala, pumua. Ukisha kusema first, bantu banajua second inakuya. Hakuna mwenye atakukata. Citoyen Mukuka, simama."

Alexis akasimama. "First," akasema, akanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Germaine alikaza vidole kwenye ukingo wa dirisha, akingoja mtu amrushie neno, lakini hakuna aliyemrushia, kwa sababu hakuna aliyelijua. Hatimaye likatoka: kwanza ananawa uso. "Second," akapumua: anakunywa chai. "Third," akapumua tena: anakwenda kazini. Sentensi tatu nzima, hakuna iliyovunjika. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu ujana wake na hakuwahi kumsikia akifika mwisho wa jambo. Alirudi nyumbani amelowa chapachapa, koti bado analo mkononi.

Ila maajabu hayo yalibaki ng'ambo ile ya Kiingereza. Akirudi kwenye Kiswahili, alikwama palepale.

Kisha Mwape akafa. Mumewe, mtu wa reli kutoka Kamina, alikuwa amemtangulia siku nyingi, kwa hiyo watoto walibaki yatima kabisa. Matanga yalikaliwa, nyimbo zikaimbwa, wanawake wakalia mpaka sauti zikawakauka, lakini Alexis hakutoa chozi. Watu waliliona hilo, wakalisema, maana Kenya hakuna lisilosemwa.

Kutoka Kamina akaja Adalbert, kaka wa marehemu baba yao, katekista, mtu wa heshima na wa maneno matamu. Kwa watu wake, mtoto ni wa baba. Kwa watu wa Alexis, mtoto ni wa tumbo la mama, na mlinzi wake ni mjomba. Basi siku ya kumaliza matanga pande mbili zikakaa uani kuamua watoto wakae na nani. Desturi ya kwao Alexis haina mlango wa nyuma: kwenye posa unaweza kutuma mshenga, lakini kwenye mambo ya yatima mjomba husema kwa kinywa chake mwenyewe. Asiposema, amekubali.

Germaine aliogopa, tena aliogopa kweli. Alijua kitakachotokea. Alexis ataanza, Adalbert atamsaidia kumalizia, naye ataitikia kwa kichwa, kama sokoni. Jioni Chanda na Mulenga watakuwa kwenye treni.

Adalbert akasema kwanza, na alisema vizuri. Alimlilia ndugu yake, akataja nyumba yenye nafasi, akataja shule. Hata Germaine aliguswa. Ikaja zamu ya Alexis.

"Ba... ba... ba..."

"Batoto baende," Adalbert akamalizia kwa upole kabisa. "Umesema muzuri, shemeji. Asante."

Germaine akaona shingo ya mumewe ikianza kuinama. Kisha ikasimama. Alexis alifunga mdomo, akainua kidole kimoja.

"First," akasema.

Uani pote watu wakatazamana. Mtu amefiwa, sasa anaongea Kizungu! Lakini kidole hakikushuka.

"Ya kwanza," akasema, akapumua. "Baba yabo alikufa, Mulenga akingali mu tumbo. Toka ile siku banakula ku meza yangu."

Kidole cha pili kikainuka.

"Ya pili. Mwape, siku ya mwisho, alikuwa hawezi tena kusema. Alikamata mukono ya Chanda, akaitia mu mukono yangu. Hakuiondosha tena."

Kidole cha tatu.

"Ya tatu."

Hapo pakafunga. Taya lilimtetemeka, mishipa ya shingo ikasimama, na hakuna kitu kilichotoka. Mzee mmoja kwenye kona alifungua kinywa ili asaidie, na kabla hajasema neno, Adalbert mwenyewe alimzuia kwa mkono.

"Ngoya. Alisema iko ya tatu. Tungoye ya tatu."

Wakangoja. Ua mzima, watu ambao hawajawahi kungoja hata chai ipoe, wakamngoja Alexis Mukuka. Germaine alikuwa na maneno tele ulimini, akayauma yote. Alimtazama mumewe kwa woga na kwa heshima, kama mtu aliye kanisani. Waliosema kawia ufike walikuwa hawajakawia hivi.

"Ya tatu," akasema Alexis. "Hawa batoto... bananingoyaka."

Adalbert hakuelewa. Akamgeukia msichana. "Chanda, yama yako alitaka kusema nini?"

"Sijue, baba mukubwa," akajibu Chanda, akimshangaa kwa swali hilo. "Nilikuwa namungoya."

Adalbert alimtazama mtoto, akamtazama mjomba, akavua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Babakie hapa," akasema. "Bakuye kuniona vakansi, kama masomo inafungwa."

Jioni, wageni walipotawanyika, Alexis alikaa karibu na mbabula, jiko la makaa, huku Germaine akisonga bukari, ugali wao.

"Mw..." akaanza. "Mw..."

Ni mwiko, Germaine akawaza; anataka kunipokea mwiko. Mkono wake ulishaanza kumnyooshea. Akaurudisha. Akaacha bukari ishike chini ya sufuria, akaketi, macho chini, akangoja.

"Mwape," alisema Alexis.

Kisha akalia.