Koti Lililosalimia kwa Mgongo

Mtaani kwetu Ipagala naitwa fundi. Mimi najiita mbunifu wa mavazi, ila kimoyomoyo, maana nikisema kwa sauti jirani ananiletea zipu ya suruali. Kazi naifanyia sebuleni, na sebule yenyewe imenishinda kuiacha. Mke wangu husema siku nikionekana stendi, watu watadhani amenifukuza.

Tangu ofisi za serikali zihamie huku, mji umejaa suti nyeusi. Sina ugomvi na suti; kila wiki kuna ninayoipunguza kiuno. Lakini iliniuma kwamba wageni wamejua bei ya viwanja vyetu kabla ya kujua salamu yetu. Nikachukua kitambaa cha mgolole, kile chekundu cha rangi ya udongo ambacho wazee wa Kigogo hujifunga begani, nikashona koti lenye kola na bitana. Mgongoni nikadarizi kwa uzi mweupe, herufi kubwa kama sahani: MBUKWENYI. Ndivyo Wagogo tunavyosalimia watu wakiwa wengi. Nikajiona mwanasiasa kamili, tena wa kukaa nyumbani.

Koti lilikuwa la shangazi yangu, dada wa baba, mkulima wa zabibu Makutupora. Wakulima walikuwa na mkutano na maofisa kuhusu soko, na shangazi alikuwa na la kusema. Mkutano uliopita alisimama, watu wakaicheka lafudhi yake, akakaa kabla hajamaliza. Safari hii alitaka amalize.

Alipokuja kulijaribu nilimwamkia, akaitikia "marahaba" macho yakiwa kwenye koti.

"Mwanangu, salamu umeiweka wapi?"

"Mgongoni, shangazi. Ndiko kwenye nafasi."

"Kwa hiyo nawapa watu kisogo, halafu nawasalimu?"

"Ndio mtindo. Hata wachezaji wa mpira huandikwa mgongoni."

"Kwani mimi golikipa?" Jikoni mke wangu akaanza kucheka. "Livae wewe, ufike mpaka Makole. Ukirudi hujaona aibu, nami nitalivaa."

Kwa ukaidi wangu nikaenda. Makole hapo nikayaona. Mtu wa nyuma anaitikia salamu, nageuka kumjibu. Nikigeuka, mgongo unamsalimia wa upande wa pili, naye anaitikia. Nilizunguka kama pia. Mzee mmoja muuza karanga akanisimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa hiyo ndiyo salamu. Ile nyingine unatupa huku unaondoka, kwenu mlifundishwa na nani?"

Nilirudi kichwa kinazunguka, nikafumua herufi zote, nikazidarizi upya kifuani, ndogo, usawa wa mfuko. Mgongoni yalibaki matundu ya sindano. Nilimwambia shangazi ni ya kupitisha hewa. Akalivaa.

Siku ya mkutano alinilazimisha niende, eti koti likifumuka nani atalishona. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Shangazi alipoinua mkono na kusimama, ofisa aliyeongoza kikao akainama kusoma kifua chake.

"Mbu... mbuku... mbukwe nini, mama?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii hakikumwelekea shangazi.

"Mbukwenyi," alimwambia taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. "Sema tena."

Akasema tena. Haikuwa vizuri, lakini ukumbi mzima ukamwitikia. Na kwa kuwa shangazi alikuwa ameshasimama na watu wote wanamtazama, akaendelea hapohapo.

"Zabibu haingoji kikao. Ikiiva imeiva. Mnunuzi akichelewa wiki mbili, anakuta siki."

Kuna kijana mstari wa mbele alicheka jinsi shangazi alivyolitamka neno moja. Nikashika kiti.

"Cheka, mwanangu," shangazi akamwambia. "Ukimaliza wewe, na mimi nimalize."

Shangazi akaeleza jinsi mizabibu inavyotofautiana kuiva shamba na shamba, na kwa nini wanunuzi wajulishwe kabla ya mavuno, wasisubiri kuitwa. Hakuharakisha. Ofisa hakuahidi kitu. Aliuliza tu zabibu za upande wao huanza kuiva lini, swali ambalo shangazi alikuwa amekuja kulijibu. Akalijibu lote, na la shamba la jirani pia.

Alipokaa, alifuta jasho la uso kwa mkono wa koti, kushoto kisha kulia, akapenga na kamasi humohumo. Kitambaa nilichokichagua mwenyewe, bitana niliyoishona siku tatu. Nikamwacha apenge.