Ukuta wa Chumba cha Bi Tumu

Ukuta ulianza kuvimba mwezi wa Juni, na mume wangu Bakiri akaanza kutafuta wa kumlaumu. Ndivyo alivyo. Akikosa soksi, lazima kuna aliyezichukua.

Ulikuwa ukuta wa chumba cha mama yake, Bi Tumu, katika nyumba ya ghorofa tuliyopanga hapa Mayfair, Johannesburg. Rangi ilifura chini karibu na sakafu, ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na nyuma yake kukaota ukungu mweusi. Bi Tumu akaanza kukohoa. Daktari wa kliniki akasema kifua hakitapona katika chumba chenye unyevu, na chumba kingine tunalala sisi na mtoto wetu Karimu. Bakiri akakata shauri: ukuta usipokauka, mama anarudi Tanga. Aliyasema hayo wakati tunakula, mbele ya mama mwenyewe. Bi Tumu aliendelea kuchambua samaki wake kana kwamba anazungumziwa mtu mwingine. Mimi moyo uliniuma. Tangu mzee wake afariki, ile nyumba ya Tanga imebaki tupu, na mtoto wa kumzaa anaye Bakiri peke yake.

Kwanza Bakiri akasingizia mvua.

"Mvua gani ya Johannesburg katikati ya baridi, Baba Karimu?" nikamwuliza.

Akasingizia bomba. Tukafunga mabomba yote, tukasimama mbele ya mita ya maji kama walinzi, haikusogea. Ndipo akapanda ghorofa ya juu kwa Léocadie, Mkongo anayesuka nywele, kumwuliza anamwaga nini huko.

"Kuya uone, papa," Léocadie akamwambia, akimfungulia bafu lake. "Kwangu ni kukavu. Na kama maji ilitoka huku, si plafond yenu ndiyo ingeloa kwanza?"

Dari letu lilikuwa kavu kabisa. Bakiri alishuka amenywea.

Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Ukuta ule unapakana na bafu letu, na kila Ijumaa ulizidi kuloa. Basi Ijumaa iliyofuata, Bi Tumu alipomaliza josho lake, kuoga kwa maji mengi kwa ajili ya sala ya Ijumaa, niliingia bafuni mara tu alipotoka. Lile beseni refu la kizungu, la kupanda ukingo na kuingia ndani, lilikuwa kavu, halikuguswa. Maji yalikuwa yametapakaa sakafuni, na pembeni palikuwa na kigoda cha plastiki, ndoo na kopo. Kumbe alikuwa anaoga chini, kama kwao Tanga, ambako sakafu ya bafu ina tundu la kutolea maji. Ya hapa haina. Maji yalikuwa yakipenya kwenye nyufa za vigae, yakinywewa na ukuta na kutokea upande wa kitanda chake.

"Mama, mbona huogi ndani ya beseni?"

Alikuwa bado amesimama mlangoni, kanga imemganda mwilini.

"Mguu haupandi, mwanangu. Tangu Ramadhani." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie Bakiri. Akijua mguu umekataa, atanirudisha."

Alificha mguu ili asirudishwe, na kule kuficha ndiko kulikokuwa kunamrudisha.

Bakiri alikuwa ukumbini, ameshavaa kanzu ya kwendea msikitini, na alikuwa amesikia yote. Nilijua atafoka. Hakufoka. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Mama, bafu la kwako Tanga halina cha kupanda. Kule utaoga kwa raha. Nitakutafutia na msichana wa kukusaidia."

"Ni kweli, halina cha kupanda," Bi Tumu akajibu. "Na huyo msichana jioni atakwenda kwao. Nikianguka usiku, nani atasikia?"

Bakiri aliingia bafuni, akaiangalia ile sakafu. Alikunja mikono ya kanzu, akavuta taulo, akapiga magoti na kuanza kuyakausha maji.

"Huendi popote, mama," alisema bila kuinua kichwa.

Bi Tumu alimwekea mkono begani, na nikaona kwamba alikuwa anamwegemea kwa uzito wake wote, ili asianguke.