Diski ya Ukumbi wa Wanawake

Harusi ya binti yetu mkubwa ilirekodiwa, upande wa wanawake, na mpiga picha mwanamke, kama ilivyo desturi yetu hapa Maskati. Diski ikatiwa kufuli la kuzuia nakala kwa ombi la familia zote mbili, kwa kuwa wageni walikuwa wamevua mabuibui na haikufaa picha zao zizagae. Kufuli hilo sikulilalamikia, wala silalamiki leo.

Ninacholalamikia ni jambo jingine, na ningependa lieleweke sawasawa. Wakati ule aina mbili za diski zilikuwa zikishindana, na mashine ya moja haikusoma ya pili. Studio ya mpiga picha wetu ilichagua ile iliyokuja kushindwa. Watengenezaji wakaacha kuunda mashine zake, wakaenda zao. Serikalini nilikofanya kazi, tulipofuta utaratibu, tuliwatangazia watu na kuwaonyesha njia ya kuhamia mpya. Sisi wanunuzi hatukupewa hata tangazo.

Mwaka huu mashine yetu ilikufa, muda mfupi baada ya mama mkwe wangu kufariki. Sauti yake haikubaki popote ila kwenye diski ile.

"Nna hamu ya kumsikia mama," mke wangu alisema. "Umeendesha idara nzima, bwana, kidiski kimekushinda?"

Nikaenda mtaa wa Ruwi, kwa fundi wa vyombo vya umeme, kuuliza kama yaliyomo yanaweza kuhamishiwa diski nyingine. Fundi, mtu wa Mombasa, aliigeuzageuza diski. "Mzee, hii imefungwa, haikopiki. Niachie wiki moja, niivunje hiyo loki polepole huku nikiiangalia."

"Ukiiangalia? Humo wamo dada zangu wote!"

Akanirudishia upesi. "Chukua, mzee. Mimi sitaki kesi na waume zao."

Mashine ya aina ile ikapatikana mji wa Al Amerat kwa binamu yangu, imewekewa chungu cha maua juu yake.

"Leo imekuwa lulu?" alinitania. "Ichukue, ila maua yangu uyatafutie pa kukaa."

Nyumbani niliunganisha nyaya, nikasubiri mpaka mapambo ya ukumbi yakatokea kwenye kioo cha televisheni. Hapo nikamwacha mke wangu peke yake, nikatoka na kufunga mlango, maana humo mna wake za watu. Nikakaa majlisi, chumba chetu cha wageni. Vigelegele vilinifikia, kisha sauti ya mama mkwe ikiwakemea wasichana wasianze kula kabla ya bibi harusi, na mke wangu, mle chumbani, akimjibu kana kwamba kaambiwa yeye:

"Haya, mama. Tunangoja."