Kahawa Iliyouzwa kwa Ajili ya Kadi za Njano

"Ingekuwa kahawa yako, wifi, wewe ungeiuza?"

Mke wa kaka yangu aliniuliza hivyo akiwa ameinama juu ya beseni la ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Hakuinua uso. Nilikuwa nimekaa kando yake nikimsaidia kumenya, kazi ambayo baada ya miaka yangu ya chuo niliifanya taratibu kuliko mtoto yeyote wa Bugene. Nilimaliza ndizi niliyokuwa nayo, nikachukua nyingine, nikaimenya nayo mpaka mwisho. Swali lilikuwa bado lipo.

"Haya, waitu, ndugu yangu," alisema, akaenda kuchota maji ya kupikia.

Kahawa yenyewe ilikuwa ingali maua. Huku kwetu mauzo ya namna hiyo huitwa butura: unamuuzia mtu kahawa ikiwa bado maua au punje za kijani, anakupa hela leo, msimu ukifika anachuma yeye. Serikali imekataza. Viongozi wanakemea mikutanoni kila mwaka, na kila mwaka watu wanauza kimya kimya, kwa sababu ada na magonjwa havisubiri mavuno. Bei yake ni ya kusikitisha. Lakini kaka hakuwa na mgonjwa wala mtoto aliyefukuzwa shule. Alitaka kuuza kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya takwimu. Nilikuwa nimeomba kazi mpaka nikakariri namba zangu zote za vyeti. Nilikwenda usaili ambao waombaji walijaza uwanja mzima, tukafanya mtihani tumekaa juani, nikarudi Karagwe kwa nauli ya kukopa. Baada ya hapo nilikuwa naamka, nafagia, namenya ndizi, nalala. Nilichoka bila kufanya kazi, uchovu ambao huwezi kumweleza mtu aliyetoka shambani.

Kaka alikuwa anaendesha bodaboda kati ya Kayanga na Rubwera. Pikipiki haikuwa yake. Kila jioni alimpelekea bosi hesabu, mvua inyeshe isinyeshe, na kilichobaki ndicho chake. Baba alipofariki, kibanja kiligawanywa: mama akabaki na nyumba na migomba inayoizunguka, kaka akapata upande wa chini wenye kahawa. Sisi mabinti tulibaki na haki ya kula. Kwa hiyo wifi aliponiuliza kuhusu kahawa yangu, alikuwa anauliza kitu ambacho hakingekuwepo, na wote wawili tulijua.

Kaka alikuwa anabeti magoli. Kila Jumamosi alipanga mkeka wa mechi nyingi, na kila Jumamosi timu moja ya mwisho iliuchana. Nilimwambia ni ujinga.

"Msomi amesema," alinijibu. "Sasa hizo takwimu zako zinafanya nini zaidi ya kukaa kwenye bahasha?"

Nilianza ili kumnyamazisha. Nilitaka kumwonyesha kwa namba kwamba jambo hili halitabiriki, yaishe. Nikachagua kadi, kwa kuwa magoli yanatazamwa na kila mtu, na kadi nilidhani hakuna anayezijali. Nilichukua ripoti za mechi za ligi moja ya Ulaya, misimu kadhaa ya nyuma, nikajaza jedwali kwa bando la kaka: timu zipi, uwanja wa nani, dabi au si dabi, refa nani, kadi ngapi.

Namba hazikunyamaza nilivyotaka. Timu hazikuwa na uzito niliotarajia. Refa ndiye aliyekuwa na uzito. Kuna marefa wanaotoa kadi ya kwanza mapema ili wapumzike, na kuna wanaobembeleza mpaka mechi inakwisha. Jina la refa linatangazwa siku kadhaa kabla. Nikamwambia kaka tulia na mechi moja moja, usipange mkeka mrefu, na usitazame timu. Mtazame mwenye filimbi.

Ikawa tunakwenda wote kibanda umiza pale Kayanga, mimi mwanamke peke yangu kwenye mabenchi yale. Watu themanini walitazama mpira. Sisi wawili tulitazama mfuko wa mtu mmoja. Beki akimkata winga, watu wanaguna, kaka anasimama.

"Wewe unashangilia rafu?" jirani yake alimuuliza siku moja. "Au yule aliyevunjwa unamdai?"

"Nashangilia haki," kaka alisema.

"Haki gani, na hata timu huna."

Tulipata. Si kila mara, na si hela nyingi, lakini tulipata zaidi ya tulivyokosa. Kaka akaanza kuniita Profesa mbele za watu. Nilimweleza kwamba mechi tulizocheza ni chache mno, kwamba hata sarafu ukiirusha mara chache inaweza kukubembeleza.

"Mkeka si umetiki?" aliniuliza.

"Umetiki."

"Sasa sarafu imetoka wapi hapa?"

Halafu ikatangazwa dabi, na refa wake akawa yule mkali kuliko wote kwenye jedwali langu. Kaka akapiga hesabu yake. Akiuza maua ya kahawa na kuweka hela yote kwenye ova ya kadi nne na nusu, yaani kadi tano kwenda juu, angepata pikipiki yake mwenyewe. Hakutaka utajiri. Alitaka siku moja arudi jioni asiwe na mtu wa kumpelekea hesabu.

Nilimwambia uwezekano ni zaidi ya nusu, tena zaidi kidogo ya kile ambacho kampuni ya kubeti yenyewe ilionekana kukadiria. Nikamwambia hiyo maana yake ni ukirudia mechi kama hii mara mia.

"Mimi sina mara mia," alisema. "Nina kahawa moja."

Jioni hiyo ndipo wifi aliponiuliza. Nilikuwa na majibu mengi ya darasani. Ningeweza kusema namba inapendelea upande wetu, lakini namba haimwambii mtu aweke msimu mzima mahali pamoja. Ningeweza kusema hapana tu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo, kulikuwa na mtu anayengoja nifungue kompyuta yangu. Nikamenya ndizi.

Kilichonishangaza ni kwamba wifi, aliyekuwa akibishana na kaka juu ya kahawa ile, hakupinga tena. Siku chache baadaye yeye mwenyewe alimwambia kaka kwamba kwao Kibingo wanamsifu mtu mmoja wa Rubwera, mwenye duka dogo, ananunua butura kimya kimya na hambani muuzaji. Nilidhani amechoka kubishana. Nilielewa, hata mimi nilikuwa nimechoka.

Mtu wa Rubwera alikuja mara moja tu. Alipita kati ya mibuni mikono iko nyuma, akasema maua si mabaya, akahesabu hela mbele ya majirani wawili, akakataa chai, akaondoka.

Jumamosi ya dabi kibanda kilijaa mapema. Kadi ya kwanza ilitoka haraka, ya pili ikafuata kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili zikaja mbili zaidi kwa ugomvi mmoja. Nne. Tulibakiza moja na muda tele. Kisha mechi ikalala, kama vile wachezaji wote wamekumbuka kwamba wana kazi wiki ijayo. Dakika za nyongeza, refa akapuliza filimbi, akakimbia kuelekea pembeni ya uwanja, mkono mfukoni. Akatoa ya njano.

Kaka alinishika bega. Nilimsikia anapumua kwa mdomo. Akatazama simu yake, akaishusha, akaitazama tena.

"Mbona haibadiliki?"

Marudio yakaonyesha. Kadi alikuwa amepewa kocha, aliyekuwa anapunga mikono kwenye mstari.

"Kocha naye si mtu?" kaka alisema. Jirani yake akacheka, akidhani ni utani.

Tulisoma masharti tumesimama nje, kwa mwanga wa simu yake. Kadi za makocha na za waliokaa benchi hazihesabiwi. Jedwali langu lilizihesabu zote, tangu mstari wa kwanza, maana ripoti za mechi zilizitaja zote. Yule refa hakuwa mkali sana kwa wachezaji. Alikuwa mkali kwa makocha. Chuoni nilikuwa namsumbua kila mhadhiri nikitaka kujua data imetoka wapi na nani aliikusanya. Sikuwahi kuuliza kadi ni nini.

"Twende," kaka alisema. "Bosi anangoja hesabu."

Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Aliacha tu kuniita Profesa.

Maua yakageuka punje, punje zikanenepa. Nilimwona wifi akipalilia chini ya mibuni iliyokwisha kuuzwa, akitandaza majani makavu kama kila mwaka. Aliyeuza butura kwa kawaida hata kutazama upande ule hataki. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Magugu nikiyaacha kule yatanifuata kwenye maharage," alisema.

Msimu ulipofika, mtu wa Rubwera alituma ujumbe kwamba hana vibarua, kwa hiyo anamwajiri wifi kuchuma na kuanika. Kaka aliona ni heri, angalau posho. Mimi sikuweza kutazama. Mwanamke anachuma kibarua kwenye kahawa ya mume wake, iliyotoka mikononi mwao kwa jedwali langu. Nikawa nakwenda kuchuma naye bila malipo. Tulijaza vikapu, tukamwaga kwenye turubai, tukageuza kwa reki. Yeye aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, na nilidhani anajikaza. Kahawa ilipokauka tukaitia kwenye magunia, likaja gari likayachukua. Mwenye kahawa hakutokea hata siku moja kuja kupima, na mimi ninayehoji kila kitu sikuhoji hilo.

Baada ya mavuno wifi aliezeka jiko lake kwa bati. Kaka anasema mpaka leo kwamba ulikuwa msaada wa watu wa Kibingo.

Miaka ilipita. Nilipata mkataba mfupi wa kuingiza takwimu katika ofisi moja Rubwera, nikapanga chumba huko. Siku moja niliingia duka dogo kununua sabuni, nikamkuta yule mzee aliyenunua kahawa ya kaka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si yule wa Bugene? Wifi yako mzima?"

"Mzima."

"Msalimie sana. Mwambie safari hii akitaka kununua kahawa ya mume wake atafute mtu mwingine wa kupita kati ya mibuni mikono nyuma. Mimi siku hizi magoti yananiuma." Alicheka peke yake mpaka akafuta macho. Aliponiona sicheki, akaacha. "Kumbe hukujua?"

Hela alizohesabu mbele ya majirani hazikuwa zake. Aliletewa zikiwa zimefungwa kwenye kitenge. Yeye alipata mkungu wa ndizi na debe la kahawa.

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani. Wifi alikuwa anamenya ndizi chini ya bati lake. Nikachukua kisu, nikakaa. Kaka alikuwa barabarani bado, na pikipiki ya bosi.

"Hela ya butura uliitoa wapi?" nilimuuliza.

Hakushtuka. "Kikoba. Wanawake wa jumuiya yetu. Nililipa yote mavuno yale yale."

"Ulikopa lini?"

"Kesho yake."

"Kesho yake ya nini?"

"Ya siku ile niliyokuuliza, ukanyamaza," alisema, akanisogezea beseni.