Usiku Bibi Alipoipigia Mbingu Sufuria

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliamshwa usiku wa manane na sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya Mama, ile ya pilau, inapigwa ngwa ngwa ngwa nje kwenye theluji, na juu ya mlio huo sauti ya Bibi inapayuka, "Achia! Achia! Muachie!" Nikakaa kitandani nikajua tu, hapa kuna mtu amekufa.

Hakuna aliyekufa. Mbingu ndiyo iliyokuwa imegeuka kijani.

Ninavyoandika hivi nina mwanangu wa siku ishirini na tatu pembeni yangu, ghorofa ya kumi na moja hapa Etobicoke, Toronto, na mapazia nimeyabana kwa pini, kwa sababu wiki hii ule mwanga wa kijani wa kaskazini umeshuka mpaka huku mjini na watu wote wameteremka kwenye maegesho na simu zao. Mume wangu naye ananiambia lete mtoto tumpige picha, moja tu, mama, moja tu, na mimi nikampigia kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Hakunielewa, masikini. Amelala sebuleni amenuna. Basi ngoja nianze mwanzo.

Mwaka ule Baba alipata kazi ya kutunza farasi wa mzungu mmoja, saa tano kwa gari kaskazini ya Toronto, na nyumba ikawa juu ya tajiri. Nyumba ya mbao, barabara ya changarawe, jirani humuoni. Dukani walitufuata nyuma kutazama mikono yetu. Mama akajifungua huko huko, mdogo wangu Idrisa, na Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka Tanga kumlea mzazi. Alikuja na wanja, na mvuje, na ulimi wake.

Mimi alinipenda. Aliniita mke mwenza, na Idrisa akamwita mume wangu, na akimwogesha anamwimbia kama bwana harusi. Lakini Mama yangu, Bibi hakumpenda hata kidogo. Mama ni mtu wa Singida, na Bibi alikuwa na mtoto wa dada yake aliyetaka Baba amwoe, basi miaka kumi baadaye bado anamwambia, "Nyie watu wa bara mnazaa kama mnakwenda gulioni. Mtoto hajatimiza mwezi mnataka kumtembeza." Mama anajibu, "Sawa, Mama." Kila kitu, sawa, Mama.

Sheria ya Bibi ilikuwa moja: mtoto hatoki mpaka arobaini. Hatoki mlangoni, haonwi na mgeni, hapigwi picha. Alimfunga mvuje mkononi kwenye kitambaa cheusi, unanuka nyumba nzima, ili kijicho kimpite. Baba alishanunua kamera, ile ya filamu ya kutumia ukatupa, akaiweka juu ya friji kusubiri siku ya arobaini.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Kwenye basi la shule palikuwa na msichana aliyekaa nyuma yangu, nywele kafunga mkia, na nilishamwambia tumepata mtoto. Kila siku akauliza yuko wapi. Mbona mama yako haji naye dukani? Mbona hakuna picha? Siku ya usiku ule wa sufuria akasimama kwenye kiti akatangaza kwa basi zima, "Hana mdogo wake huyu. Au labda wamemla." Basi zima likacheka, dereva naye, nilimwona kwenye kioo.

Nimekuwa mtu mzima na neno hilo bado linanipandisha damu. Wamemla.

Basi usiku ule nikatoka nikasimama mlangoni. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka mapema, majani ya miti hayajamaliza hata kudondoka, na Bibi yuko katikati ya uwanja amevaa koti la Baba juu ya kanga, anaipiga sufuria kwa mwiko. Kwao mwezi ukipatwa watu hutoka na masufuria na madebe, wakapiga kelele mpaka kilichoumeza kiuachie. Hapa aliona mbingu nzima imepatwa. Na kusema kweli ilitisha, ilikuwa inajikunja kama pazia lenye mtu nyuma yake.

"Mama, rudi ndani," Baba anamvuta. "Ni mwanga tu huo, huku upo kila mwaka."

"Mwanga gani hauna wa kuuwasha? Umesoma mpaka umepumbaa, Bakari."

"Tajiri atasikia!"

"Na asikie! Aje na sufuria yake!" Kisha akageukia nyumba, akapaza sauti, "Mtoto asitoke! Mnanisikia humo? Mbingu ikiwa hivi, mtoto asitoke!"

Mama hakusikia. Alikuwa amelala usingizi wa mzazi, ule wa kama kupigwa rungu. Mimi ndiye niliyesikia, na nikaona kwamba wote wawili wako mbele, na mlango wa nyuma uko wazi.

Nilichukua kamera. Nikamchukua Idrisa na blanketi lake nikamlaza kwenye ngazi ya nyuma, juu ya theluji, ili picha moja imshike yeye na theluji na mbingu, wote kwenye basi wanyamaze. Nikamvua kofia ili nywele zake zionekane, wajue ni wetu. Nikafungua na ule mvuje, niliuonea aibu, nikautupa pembeni. Kamera ile ilikuwa na mlio wake kabla ya flashi, kama mbu, na lazima usubiri uishe. Nikasubiri. Hakulia. Alikuwa ameitazama tu ile mbingu, na mkono nje. Nikapiga. Nikazungusha kigurudumu, nikasubiri mbu tena, nikapiga ya pili, nikamrudisha ubavuni kwa Mama. Kofia nilisahau mfukoni mwangu.

Theluji ikaanguka tena ikafuta nyayo zangu, lakini haikufuta vyote. Asubuhi Bibi akakuta blanketi limelowa. Akakuta mkono hauna mvuje. Alipokwenda kumwaga maji nyuma akaukuta ngazini. Alirudi ameushika kwa ncha za vidole, akasimama mbele ya Mama.

"Umemtoa."

"Sijamtoa, Mama."

"Blanketi limelowaje? Limejikojolea?"

"Wallahi sijamtoa. Nililala."

"Ulilala! Mtoto kajitembeza mwenyewe!"

Baba alimtazama Mama, akanitazama mimi, akarudi kumtazama Mama. Mimi nilikuwa nakula uji. Niliendelea kula uji.

Usiku uliofuata kifua cha Idrisa kikaanza kulia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo ikawa rangi ya majivu. Wakamkimbiza hospitali, saa nzima barabarani na theluji inapiga kioo. Alikaa siku nane na mpira puani. Daktari alisema ni kirusi, watoto wengi wanacho msimu huu. Bibi alisema, "Kirusi kilimkuta wapi kama si nje?"

Akapona. Lakini nyumbani hapakupona kitu. Bibi alinunua kadi za simu akaitangazia Tanga yote, mashangazi, majirani, habari za mwanamke aliyemtoa mtoto kabla ya arobaini mbingu ikiwa wazi. Usiku alimchukua Idrisa akalala naye, Mama analetewa kumnyonyesha kisha ananyang'anywa. Baba aliacha kula mezani Mama akiwepo. Na Mama aliposema sikumtoa hakuna aliyemwamini, mpaka akaacha kusema.

Mimi niliona yote hayo. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema na sikuyasema.

Arobaini ilipopita, na picha za siku hiyo zikapigwa kumalizia filamu, Mama alitumwa mjini kuchukua bahasha ya picha duka la dawa, huko ndiko zinakosafishwa. Nilikwenda naye. Alifungua ndani ya gari, anatabasamu kidogo, akapitia moja moja, akafika kwenye ile yangu.

Mbingu haikutoka. Mwanga wote ule, na picha ina giza tupu, chini theluji nyeupe kama sahani, na uso wa Idrisa, macho wazi. Na pembeni, ncha ya buti langu jekundu. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo.

Nilijikunja kusubiri kofi.

"Ulimvua kofia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Basi, msichana, wamemla. Nikalia mpaka nikatapika kidogo kwenye skafu. Yeye hakulia. Akauliza tu, "Na ulinisikia siku zote hizi ninavyoapa?"

"Ndiyo, Mama."

Nilikuwa karibu naye kama nilivyo na mwanangu hivi sasa, na sikujua ninamtazama mtu wa namna gani. Picha mbili tu. Angeziweka mezani jioni ile, na jina lake lingerudi, na mtoto wake angerudi kulala kifuani kwake. Sasa ninapomshika huyu wangu najiuliza kama ningeweza mimi, na naogopa jibu. Bibi amekufa akiamini alichokiamini. Watu huniuliza kama mambo yale ya wazee ni kweli, na mimi sicheki, kwa sababu alisema mtoto asitoke, nikamtoa, akaugua. Bibi hakukosea jambo. Alikosea mtu.

Mama alizichana zile picha, na filamu yake akaikata kwa meno, akavitia vipande kwenye kikombe cha kahawa ya Baba iliyobaki garini, akakitikisa.

"Utamwambia Bibi?" nikauliza.

"Bibi yako ameshapata wa kumsema. Mimi mtu mzima, nitalibeba. Wewe wakikupa jina hilo sasa, utakua nalo." Akanifuta pua kwa kiganja. "Simwambii mtu. Si Bibi, si babako, si Idrisa mwenyewe akikua. Vaa mkanda."