Kiguu na Njia wa Mwaka wa Kwanza

Wanafunzi walimbandika jina la Kiguu na Njia, na hakuna aliyeweza kusema wamemsingizia. Kazi yake pale chuoni ilikuwa kuwashauri vijana wa mwaka wa kwanza. Alipewa ofisi yake halali, yenye meza, viti vyenye mito na pazia la kijani, lakini ukimfuata humo utaambulia patupu. Utamkuta kwenye ngazi za maktaba akimwonyesha mtu namna ya kutafuta kitabu, au jikoni kwenye bweni la wasichana akisuluhisha ugomvi wa sufuria, au nje ya ukumbi wa mihadhara, amebana uso kwenye kioo cha mlango, akitazama nani yumo na nani hayumo. Mumewe, mshonaji aliyeweza kuinamia cherehani kutwa nzima, alikuwa akiwaambia wateja kwamba yeye alitaka mke, akaletewa upepo.

Mwaka huo upepo ulizidi. Kitindamimba wao, binti aliyekuwa amebaki nyumbani baada ya wakubwa kuolewa na kuoa, alikwenda kuanza chuo katika mji mwingine. Mama mtu akawa anapiga simu kabla hajaoga, anapiga wakati wa chai, anapiga akiwa kwenye foleni. Mwanzoni binti alipokea. Baadaye akawa anajibu kwa ujumbe mfupi tu, niko sawa mama, niko darasani. Halafu hata ujumbe ukawa wa kubahatisha. Mume akamwambia amwache mtoto apumue. Kiguu na Njia akaitikia vizuri kabisa, akaingia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike, akapiga.

Basi akawa anakwenda kazini roho juu. Watoto wa watu aliowakuta huko aliwatazama kwa macho ya mtu aliyepoteza kitu.

Miongoni mwa wageni wa mwaka huo alikuwamo kijana mmoja mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Wenzake walimwita Daktari, na jina hilo alikuja nalo kutoka kwao. Aliongoza darasa tangu akiwa mdogo, na ukoo mzima ulikwisha kukata shauri kwamba huyu atakuwa tabibu; mjomba aliyemlea alianza kumwita hivyo kwa utani, utani ukakomaa ukawa jina. Katika juma la kuwakaribisha wageni, Daktari ndiye aliyeuliza maswali, ndiye aliyewachekesha waliokuwa wakilia chinichini kwa kukumbuka nyumbani. Kiguu na Njia alipomwona alishusha pumzi. Huyu, akajisemea, hana haja ya kuangaliwa.

Kisha likaja jaribio la kwanza la kemia.

Siku chache baada ya matokeo kubandikwa, kijana anayelala chumba kimoja na Daktari alikuja ofisini, akamvizia mshauri mpaka akampata mlangoni akitoka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache yalimtoka kwa shida. Alisema Daktari anatoka kila asubuhi na begi lake begani kama mtu aendaye darasani, lakini darasani hafiki. Jioni anarudi, anasimulia mhadhara ambao hakuuhudhuria. Nyumbani wakimpigia anawaambia jaribio lilikuwa mteremko. Kijana yule akamwomba mama wa watu aende taratibu, tena asiseme kaambiwa na nani.

Kiguu na Njia alimwahidi. Lakini kijana hata hajafika mwisho wa ujia, simu ilikuwa sikioni. Alipiga nyumbani kwa Daktari, na ukimuuliza alikusudia nini, angekuambia alitaka tu kujua kama Daktari amepita huko. Aliyepokea ni mjomba, fundi wa magari, na nyuma yake nyundo zilikuwa zikigonga bati. Fundi alisikia "haonekani darasani", na mengine yote hayakumwingia. Alisema kesho atapanda basi la kwanza. Akakata.

Kiguu na Njia alisimama katikati ya ofisi, simu mkononi, akaona kwamba amempasulia mtu siri yake hata kabla ya kumtazama usoni. Akaanza kumtafuta. Alizunguka maktaba, akazunguka uwanja wa mpira, akaulizia zahanati ya chuo, mpaka msichana mmoja akamwambia kwamba mara nyingi akipita kituo cha mabasi humwona Daktari ameketi pale.

Alikuwa pale kweli. Ameketi kwenye benchi la abiria, begi mapajani, kati ya mwanamke mwenye magunia na mzee aliyekuwa akisinzia. Alipomwona mshauri hakukimbia. Alisogea akampa nafasi, akamwamkia kwa heshima.

Kiguu na Njia akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hapa. Daktari akamjibu kwamba hapa kila mtu anasubiri kitu, kwa hiyo hakuna anayemuuliza mwenzake anafanya nini. Akaeleza na mengine. Kule kwao yeye ndiye aliyekuwa akiwafafanulia wenzake hesabu. Siku ya kwanza ukumbini alipoona haelewi, alidhani ni uchovu wa safari. Siku ya pili akatazama huku na huku, akaona watu wote wameinama wanaandika. Naye akaandika, ili asionekane peke yake amekaa. Mhadhiri anafuta ubao wakati yeye bado yuko mstari wa juu. Akawa anaandika maneno asiyoyajua maana, mpaka mkono wenyewe ukakataa.

Mshauri alisikiliza mpaka mwisho. Alimwambia kwamba amempigia mjomba, na mjomba anakuja kesho.

Daktari alisimama. Begi likaanguka. Mwanamke wa magunia akavuta miguu yake.

"Mama," kijana alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo, "ulikuwa unanitafuta mimi, au ulikuwa unatafuta roho yako itulie?"

Miaka yote ya kupanda na kushuka ngazi, hakuna aliyewahi kumuuliza mshauri hivyo, na lile swali halikuishia kwa Daktari. Lilimpitia likaenda moja kwa moja kwa binti yake. Mikono ikaanza kutafuta simu. Akaishikisha mkoba kwa nguvu isiende kokote.

"Sasa unataka nifanye nini?" akauliza mwishowe.

"Sijui. Kaa kwanza."

Akakaa. Kwa mtu mwingine hilo si jambo, lakini yeye alikuwa kama amekalia siafu. Mabasi yaliingia na kutoka, wapiga debe wakaita, na kila alipotaka kufungua mdomo kuleta mpango, aliumeza. Wa mihadhara ya ziada, akaumeza. Wa kumwona mkuu wa kitivo, akaumeza pia. Ndipo Daktari mwenyewe akaokota begi na kusema kwamba udaktari bado anautaka, tatizo hajui aanzie wapi kuuliza. Hata swali lake halijui ni lipi.

Jioni ile mshauri alimwandikia binti ujumbe mmoja: sitapiga tena mpaka upige wewe. Kisha akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mjomba alifika ofisini kesho yake amevaa shati lake zuri, kucha bado zina mafuta ya gari. Kiguu na Njia alitaka kutangulia kusema, lakini kijana alikuwa amemwomba asiseme, naye akajikaza.

"Mjomba, nimefeli kemia," alisema Daktari. "Na kwenye simu nilikudanganya."

Fundi alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayetafuta palipobonyea.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu anakuonea?"

"Hapana. Sielewi wanachofundisha."

Fundi akajiachia kwenye kiti chenye mto, akajifuta uso kwa kiganja. Alisema njia nzima alikuwa anamzika. Kisha akamgeukia mshauri, na hapo hakumpaka mafuta. "Mama, siku nyingine ukimpigia mtu, anza kwa kusema mtoto yuko hai." Mshauri aliipokea lawama hiyo bila kujitetea, maana ilikuwa haki yake. Daktari naye akaomba, kama mjomba hatajali, lile jina waliache kidogo mpaka alifanyie kazi. Mjomba alicheka, akakubali, na kabla ya kupanda basi alimwita hivyo tena kwa kusahau.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka kwa mara moja. Kijana alikwenda kumwona mkufunzi msaidizi wa kemia; Kiguu na Njia alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi, na kurudi huko kulimgharimu kuliko kwenda. Mkufunzi alipomtaka amwonyeshe asipoelewa, kijana alifungua maandishi yake ukurasa wa kwanza. Wakaanzia hapo. Kijana akaanza kuwauliza wenzake wa ukumbini, mmojammoja, na kumbe wengi wa wale walioinama wakiandika walikuwa wakinakili tu kama yeye. Wakaunda kundi, wakawa wanakutana katika chumba kitupu nyuma ya maktaba, na masharti yao yalikuwa kwamba hakuna kuitikia "nimeelewa" mpaka uweze kumweleza mwingine. Mshauri alipozidi kuchungulia dirishani, walimtuma mmoja wao aende kumwomba, kwa adabu zote, aache.

Kimya cha binti kilikuwa kirefu. Mume wa Kiguu na Njia alimkuta mkewe amekaa kitandani akiitazama simu, akaacha kushona, akaja kukaa naye. Hatimaye ikaita. Binti alikuwa ameshalia sana wiki za mwanzo, alikuwa amehama bweni, na hakusema. "Ukiniuliza kama niko sawa kwa sauti ile, mama," alisema, "nitaanzaje kukwambia siko sawa?" Waliongea mpaka chaji ya simu ikaisha.

Mtihani wa marudio wa kemia ulifika, na Daktari akapita kwa kuponea chupuchupu. Alikuja mwenyewe kumwambia mshauri, akamkuta, ajabu, ofisini. Alimwambia pia kuna msichana katika kundi lao ambaye siku hizi hali chakula wala hapati usingizi.

Kiguu na Njia alikuwa ameshainuka. Akasita mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Anajua kwamba unaniambia?"

"Anajua. Ametaka nije nikuulize kama utakuwa na nafasi."

Alirudi nyuma, akavuta kiti cha pili karibu na dirisha, na moyo ukimwenda mbio vilevile, akaketi kumngoja yule msichana.